Msaidizi Wako Anaposahau Kila Siku

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo husemwa sana tunapochambua mchele kwa ajili ya shughuli za kanisa, lakini ni mara chache tunakaa na kulifikiri vizuri. Ni habari ya wasaidizi tuliowaajiri, na usahaulifu wao. Dada wa kazi amesahau maziwa motoni mpaka yakamwagika yote. Kijana wa dukani amesahau kuandika deni. Binti anayesaidia kwenye mgahawa pale stendi amesahau kuloweka maharage, na ifikapo saa sita wateja wamekaa wanaangalia sahani tupu. Kila mmoja wetu ana habari yake ya kusimulia, na kwa kawaida huishia kwa maneno yale yale: "Nimemwambia mara mia, hasikii. Mwisho wa mwezi namrudisha kwao."

Hatuandiki ili kuwalaumu akina mama. Mama anayeajiri mtu hapa kwetu Mhunze mara nyingi si tajiri. Ni mwalimu, ni karani, ni muuza vitenge anayezunguka minadani. Ameajiri kwa sababu hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Msaidizi akisahau, kinachoharibika ni mtaji wake, chakula cha watoto wake, na wakati mwingine afya ya mtoto mwenyewe. Hasira yake tunaielewa kabisa. Lakini hasira haijapata kumsaidia mtu kukumbuka. Mara nyingi humwongezea hofu, na mwenye hofu husahau zaidi. Sisi wauguzi tumefundishwa tangu chuoni kwamba jambo la hatari haliwekwi kichwani mwa mtu peke yake, hata awe hodari namna gani. Tungependa somo hilo litoke wodini liingie jikoni na dukani.

Hata madaktari husahau

Pengine utasema, "Hospitali wana elimu, sisi tunahangaika na mabinti waliotoka kijijini juzi." Hebu sikiliza habari hii ya hapa hapa nchini.

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilifanya jaribio katika hospitali 8 za miji 8 duniani. Miongoni mwao zilikuwamo hospitali za London, Toronto na Seattle, na pamoja nazo ilikuwamo Hospitali Teule ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, mkoani Morogoro. Madaktari bingwa na wauguzi wa vyumba vya upasuaji walipewa karatasi yenye mambo 19 ya kuulizana kwa sauti: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Huyu ni nani? Anapasuliwa wapi? Kuna dawa inayomdhuru? Amepewa dawa ya kuzuia maambukizi? Vitambaa na vifaa vimehesabiwa vyote?

Ukiyasoma maswali hayo utacheka. Ni nani asiyejua kumuuliza mgonjwa jina lake? Lakini matokeo yalipotangazwa Januari 2009, hakuna aliyecheka. Katika hospitali zile zikijumlishwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Madaktari walikuwa wale wale. Kilichoongezeka ni karatasi na desturi ya kuulizana, pamoja na ruhusa ya muuguzi mdogo kumwambia daktari mkubwa, "Subiri kidogo, hili bado."

Tena, ugonjwa wa kifua kikuu uliifundisha nchi yetu somo hilo mapema zaidi. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na Dakta Karel Styblo akafanya kazi nao kwa karibu. Ilionekana wazi kwamba mgonjwa aliyepewa dawa za miezi mingi aende nazo nyumbani peke yake ataziacha, hasa akishapata nafuu. Hapakuwa na faida ya kumkaripia. Ukawekwa utaratibu: dawa zimezwe mbele ya mtu mwingine, na kila dozi iwekewe alama kwenye kadi. Utaratibu uliokomazwa Tanzania ndio ambao Shirika la Afya Duniani lilikuja kuueneza ulimwenguni kote katika miaka ya 1990. Hata leo mgonjwa huweza kuchagua mtu wa nyumbani wa kumsimamia.

Sasa tujiulize. Ikiwa daktari wa upasuaji anasomewa karatasi ili asisahau, kwa nini binti wa miaka 19 atajiwe mambo kumi na mawili saa kumi na moja alfajiri, mama akiwa mlangoni anavaa viatu, kisha jioni aulizwe moja baada ya jingine kama yuko mahakamani?

Kwanza ujue anasahau nini, na lini

Mama mmoja, ambaye hatutamtaja, ana mtoto wa miaka minne mwenye kifafa. Mtoto ameandikiwa dawa mara tatu kwa siku. Ya asubuhi na ya usiku mama humpa mwenyewe. Ya saa sita mchana ilikuwa mikononi mwa binti wa kazi, kwa kuwa mama hushinda dukani, na Jumamosi huenda mnadani. Mtoto alikaa miezi mingi bila kuanguka. Halafu katika mwezi mmoja akaanguka mara tatu. Mama alipohesabu vidonge akakuta vimebaki vingi kuliko inavyotakiwa. Binti alipobanwa akakiri, huku analia, kwamba kuna siku amesahau.

Mama alipotujia alikuwa ameshamfungia binti mzigo wake. Tulimwomba asubiri wiki mbili tu, na katika wiki hizo yeye mwenyewe, akirudi jioni, ahesabu vidonge na kuweka alama kwenye daftari la shule. Asiseme neno. Ahesabu tu.

Daftari lilipofunguliwa tuliona jambo la ajabu. Jumatatu hadi Ijumaa dawa ya mchana ilitolewa karibu siku zote. Jumamosi na Jumapili haikutolewa. "Mnaona!" mama akasema. "Siku nikiwa mbali, au tukiwa kanisani hadi mchana, ndipo anapofanya uvivu." Lakini palikuwa na siku nyingine moja ya katikati ya wiki ambayo dawa haikutolewa, ingawa mama alikuwa dukani kama kawaida. Siku hiyo ilikuwa Nanenane.

Ni nani asiyefanya kazi Jumamosi, Jumapili na Nanenane? Ni shule. Binti yule hakujua kusoma saa ya ukutani yenye mishale, na tangu aajiriwe hakuna aliyemuuliza kama anajua. Kwa akili yake mwenyewe alikuwa ametafuta njia: kengele ya mchana ya shule ya msingi ya jirani ikilia, anampa mtoto dawa. Isipolia, jua huenda na kazi zikaendelea mpaka anapokumbuka saa tisa, naye huogopa kutoa dawa kwa kuchelewa. Mtu wa namna hiyo hatuwezi kumwita mzembe. Amejiwekea utaratibu ambao wengi wetu tusingeubuni, ila tu hakuna aliyejua kwamba upo ili amsaidie kuziba pengo lake.

Walinunua simu ndogo ya kitochi, ikategwa ilie kila siku saa sita mchana. Hapo napo palihitaji uangalifu, maana simu huandika 12:00 wakati sisi tunasema saa sita. Mtu asiyezoea huona hizo kuwa saa mbili tofauti, akabaki amechanganyikiwa na anaona aibu kuuliza. Saa ya mishale naye amekwisha kufundishwa na mtoto mkubwa wa nyumba hiyo, ambaye alifurahi sana kuwa mwalimu.

Tuseme hapa kwa herufi nzito, kwa ajili ya kila mwenye mgonjwa wa namna hiyo nyumbani: dawa ya kifafa isikatishwe ghafla, na dozi ikisahaulika mtoto asipewe dozi mbili kwa pamoja ili kufidia. Siku mnayoandikiwa dawa, muulizeni daktari au muuguzi la kufanya dozi ikipita wakati wake, na yule anayeitoa nyumbani awepo asikie mwenyewe.

Sababu zilizojificha

Ukiandika kwa wiki mbili utashangaa ni mara ngapi neno "amesahau" limefunika jambo lingine kabisa.

Mara nyingi hakusikia, au hakuelewa. Mabinti wengi wanaotujia huku wamekulia kwenye Kisukuma, na Kiswahili chetu cha haraka haraka kinawapita. Kwa adabu aliyofunzwa kwao, mbele ya mkubwa ataitikia "ndiyo mama" hata kama nusu ya maneno hakuyashika. Usimuulize "umeelewa?" kwa sababu jibu unalijua. Mwambie, "Hebu nieleze utafanya nini na nini." Wodini hufanya hivyo hivyo: muuguzi akipewa agizo la dawa kwa simu hulirudia kwa sauti, naye aliyelitoa husikia kama limefika lilivyotoka. Wapo pia wenye masikio mazito kwa sababu ya usaha wa sikio wa utotoni ambao haukutibiwa. Jaribu kumwita jina lake kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo.

Kuna usingizi. Hili tungependa tulikalie kidogo, maana ndilo tusilopenda kuulizwa. Binti analala saa tano usiku baada ya kuosha vyombo vya wageni, anaamka saa kumi kuwasha moto na kuwahi maji. Akifika mchana kichwa chake ni kama ungo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inamhusu na mfanyakazi wa nyumbani, inataka mtu apate saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Kwa anayeishi hapo hapo kazini zinaweza kupunguzwa hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi. Aidha, kila wiki apate saa 24 za mapumziko. Hesabu za nyumbani kwako unazijua wewe.

Kuna ugonjwa. Mtu aliyekuwa anakumbuka vizuri kisha akabadilika katika wiki chache si wa kugombezwa, ni wa kupelekwa kituo cha afya. Upungufu wa damu huleta uchovu na kichwa kizito. Mwangalie weupe wa kiganja na ndani ya kope. Mimba changa inayofichwa kwa hofu huleta usingizi na mawazo mengi. Malaria kali, tezi la shingo linalofanya kazi kwa udhaifu, huzuni ya kufiwa, ugonjwa wa sonona, pombe: vyote hivyo huvuruga kumbukumbu. Akianza ghafla kuchanganyikiwa huku ana homa, usingoje kesho.

Na kwa kuwa tuko ukanda wa dhahabu, hatuwezi kuacha kusema juu ya zebaki. Wapo vijana na akina mama wanaokuja kutafuta kazi huku baada ya kukaa kwenye machimbo madogo ya Geita, ambako dhahabu hushikishwa kwa zebaki kisha huchomwa, mara nyingine karibu kabisa na mahali pa kupikia. Moshi wake hauonekani kuwa na ubaya, lakini ukivutwa kwa muda mrefu huingia hadi kwenye ubongo. Mtu hutetemeka mikono, hukasirika upesi, hukosa usingizi, na husahau. Mwaka 2003 wataalamu waliwapima watu wa Rwamagasa, wilayani Geita, na miongoni mwa wachomaji walikutwa wenye dalili za sumu hiyo. Ndiyo sababu mataifa yaliwekeana Mkataba wa Minamata mwaka 2013, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Kwa hiyo mlinzi wako akiwa anasahau funguo na mikono yake inatetemeka anaposhika kikombe, muulize kwa upole alikuwa akifanya kazi gani zamani, kisha umweleze daktari.

Kumbukumbu ikae ukutani

Baada ya kujua sababu, mengi yaliyobaki ni ya kupanga kazi. Chagua mambo machache yasiyosahaulika kamwe: dawa, moto, mlango, fedha. Matatu au manne yanatosha. Hayo ndiyo uyafuatilie kila siku bila kuchoka. Kitambaa cha meza kilichosahaulika kwenye kamba si jambo la kuharibiana siku.

Mambo hayo yabandikwe mahali macho yanapofika. Kama hasomi, chora. Kwenye bahasha za dawa wahudumu wengi huchora jua na mwezi, na wagonjwa huelewa. Kuna mama wa mgahawa hapa mjini ambaye ana makopo mawili dirishani na visoda sita vya rangi mbalimbali. Kila kisoda ni kazi: cha kijani ni kuloweka maharage, chekundu ni kuzima moto, na kadhalika. Kazi ikiisha kisoda kinahama kopo. Usiku akipita huangalia kopo tu, hana haja ya kumwamsha mtu na kumuuliza. Ni vitu vya bure, na wala havimwaibishi asiyejua kusoma.

Dukani, kijana asiseme "nitaandika baadaye". Daftari la madeni liwe na kalamu iliyofungwa kwa uzi, na deni liandikwe kabla sukari haijatoka mkononi. Tumeona maduka yaliyofilisika polepole kwa hilo neno "baadaye", na wenyewe wakidhani wanaibiwa. Wakati wa msimu wa pamba, watu wanaponunua kwa wingi na kulipa kwa mafungu, ndipo hatari inapozidi.

Agizo moja lifungamane na jambo ambalo tayari hutokea. "Mpe dawa saa nne" ni vigumu kukumbuka kuliko "Mpe dawa akishamaliza uji." Na ukitaka akumbuke, usimkatize. Wodini, muuguzi anayepanga dawa huachwa afanye kazi yake. Asiitwe huku na kule. Nyumbani sisi tunamtuma chumvi, akiwa njiani tunamwita arudi amshike mtoto, kisha tunauliza chumvi iko wapi.

Yapo na ya mshahara. Akina mama wengi wakipata hasara hukata fedha ya msaidizi kimya kimya mwisho wa mwezi: sufuria iliyoungua, kuku aliyeibwa mlango ulipobaki wazi. Sheria ile ile tuliyoitaja hairuhusu kukata hivyo. Inataka hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi na jinsi kilivyopatikana, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Sheria hiyo inadai pia kwamba masharti ya kazi yaandikwe, na kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna anayoielewa. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuketi na binti na kumweleza kazi zake kwa nusu saa, siku ya kwanza, kwa lugha yake?

Hatusemi kwamba kila msahaulifu avumiliwe daima. Wapo wazembe kweli. Mtu aliyefundishwa, aliyelala vya kutosha, asiye mgonjwa, aliyewekewa alama ukutani, na bado anaacha moto unawaka na mtoto mchanga ndani kwa kuwa yuko barazani na simu, huyo usimwachie mtoto wako. Lakini hata hapo kanuni za ajira za mwaka 2007 zinataka mwajiri achunguze sababu, aelekeze, aonye, na ampe mtu muda wa kujirekebisha kabla hajamwachisha kwa kushindwa kazi. Andika tarehe za maonyo hayo. Usipoandika utajikuta unabishana na mjomba wake aliyekuja kumchukua, kila mtu na kumbukumbu yake.

Na anapoondoka, kwa heri au kwa shari, kuna jambo ambalo nyumba nyingi huliruka. Wauguzi hatuachi zamu mpaka tumekabidhi: tunapita kitanda kwa kitanda na wanaoingia, tunawaambia huyu kapewa nini na yule anangoja nini. Binti mpya akija, yule wa zamani akae naye siku mbili amwonyeshe mahali dawa inapokaa, mlango unaokwama, mtoto anayekataa uji wa moto. Kama wa zamani amekwisha ondoka, siku hizo mbili kaa naye wewe, hata duka likifunguliwa saa tano.